Vioo Vilivyopona Tufe la Mado

Saa nne asubuhi, katika karakana moja pembezoni mwa Kolwezi, Mado Mianda anapanda ngazi na tufe la chuma mkononi. Analenga kioo kilicholazwa juu ya mchanga, analiachia. Paa! Kimevunjika. Anaweka kingine cha kasha lile lile, anarudia kimo kile kile. Tufe linadunda tu.

Anashuka akikuna kichwa, ananigeukia mimi mwandishi. "Tata, umeona? Hii bioo ni baba moja, mama moja. Juu ya nini moja inakufa, ingine inabakia?"

Nilikwenda kuandika habari za mama anayevunja vioo, nikidhani ni kazi rahisi kueleza. Nilijidanganya.

Mado, mwenye miaka 43, ameifanya kazi hii miaka kumi na moja. Baruti za migodini hutetemesha madirisha, kwa hiyo wateja wanataka kioo kigumu. Kinachopona tufe hukichora msalaba mdogo wa rangi ya bluu pembeni, na hicho ndicho huuzwa kwanza.

Mwezi uliopita mteja mmoja, Polycarpe, alirudi amefungwa bandeji. Kioo chenye msalaba kilipasuka akikifuta vumbi. Mwenye karakana, Lucien Kalombo, akamgeukia Mado kwa lawama: "Mama Mado, uko naangusha mubaya."

Roho ilimuuma. Alichukua vioo kumi vilivyopona, akaviangushia tufe kutoka nusu ya kimo. Saba vikavunjika. Katika kumi ambavyo havikuwahi kuguswa na tufe, kwa kimo hicho hicho, vilivunjika viwili tu.

"Mi nilizani yenye inapona njo ya nguvu. Kumbe inabakia na kidonda ndani, macho haione. Ao mi najidanganya? Sijue, tata. Kichwa inazunguka."

Lucien anataka majaribio mengine kabla ya kuamini. Mado hana subira hiyo. Mwaka jana alilizawadia darasa la binti yake, Shekina, vioo sita. Alivichagua mwenyewe, vyote vyenye msalaba. Shekina hukaa dirishani.

Kesho, kabla baruti hazijalia, atakwenda kuving'oa na kuweka vipya.

"Ntaweka yenye sikupima," anasema, kisha anashangazwa na maneno yake mwenyewe. "Ntamuambia mwalimu atoshe batoto inje kwanza. Kueleza, tutaelezana nyuma."