Dobi Aliyefua Dalili

Saa nne kamili asubuhi, simu inalia juu ya rafu ya sabuni. Dobi anaisimamisha pasi, anaiacha kola ya shati la mtu na mikunjo yake, kisha ananawa mikono hadi kwenye viwiko.

"Kipusa, muda umefika!"

Binti yake wa miaka mitano anachomoza kati ya mashuka yaliyoanikwa, amenuna. "Ndo kwanza nilikuwa naanza kucheza!"

Nyuma ya pazia, mama anampitishia mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo ili mkojo wote utoke kwenye kibofu. Hufanya hivyo mara tano kwa siku. Kipusa alizaliwa na mgongo wazi. Alipasuliwa akiwa mchanga, lakini mishipa ya fahamu inayokiongoza kibofu haikupona.

Hospitalini walimfundisha mama kazi hii mapema. Aliiacha.

"Aibu tu," anasema, bila kuficha. "Kwenye foleni ya kliniki mtoto alilowesha benchi. Watu wakasogea, dada mmoja akaziba pua. Sikurudi tena."

Kwa miaka miwili alimfunga nepi za vitambaa, akamnyima maji kuanzia alasiri na kumchapa alipolowa. Alimwita kikojozi. Kwa kuwa mtoto alikuwa akivuja kutwa, mama aliamini kibofu hakibaki na kitu. Kumbe kilikuwa kimejaa hadi kinafurika, na mkojo mwingine unapanda kwenye figo.

Mtaani dobi huyu anasifiwa kwa pua yake. Akinusa shati atakwambia lilimwagikiwa chai jana au juzi. Kwa hiyo mkojo wa Kipusa ulipobadilika harufu, yeye ndiye aliyejua wa kwanza. Akaongeza sabuni, akaloweka nepi kwenye dawa ya madoa na kuzisuuza kwa marashi, wateja wasije wakahisi kitu kwenye nguo zao.

Wiki tatu baadaye mtoto alipandwa na homa, akawa anatapika. Daktari aliuliza swali moja: mkojo umekuwa na harufu tofauti?

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema dobi. "Watu wananiletea nguo kwa sababu najua doa limetoka wapi. La mwanangu nikalipaka marashi!"

Wifi yake, anayekunja mashuka pembeni, anadakia: "Huyu alikuwa anafua mpaka ugonjwa." Dobi anacheka kidogo, kisha anainamisha macho. Mzaha huo ameusikia mara nyingi, na bado unamchoma.

Harufu ile ilikuwa ya maambukizi, nayo yameiachia figo moja ya Kipusa makovu yasiyofutika. Nyingine bado nzima, na dobi anasema hataruhusu saa ya mpira ipite tena.

Jumatatu anakwenda kumwandikisha shule. Ataomba aruhusiwe kuingia kila siku saa nne na mpira wake, na mwalimu asimkataze mtoto kunywa maji. Amepanga kumweleza mwalimu kila kitu mwenyewe, mlango ukiwa wazi.

Kipusa amekwisha kuvaa, lakini haendi kucheza.

"Utamwambia kibofu changu kinaumwa?"

"Nitamwambia."

"Na ulivyokuwa unanichapa, je?"

Wifi yake anaacha kukunja.

"Na hilo nitasema, mama," dobi anamjibu bintiye. "Nitaanza na hilo."