Hard disk ilikufa Tabata, ila aliyepoteza majina ya watoto wa Bi Mwanaidi ni mimi

Wakuu, wa rika langu habari zenu, mlionizidi shikamooni.

Naandika jambo lililonitokea mwenyewe miaka ya tisini, enzi hizo kompyuta Dar ni kitu cha kupiga nacho picha. Sijaongeza chumvi. Mkifika mahali mkaona hapaeleweki, mjue hata mimi sijapaelewa hadi leo, ndiyo maana nimelileta kwenu.

Nilikuwa na kiofisi cha kuchapa Tabata, chumba cha mbele cha nyumba ya dada yangu. Nilianza na taipureta, kisha shemeji akaniletea kompyuta ya mtumba. Kioo kizito, boksi la chuma, na printer ya ribbon ambayo ikianza kazi kuku wa uani wanakimbia.

Niliipenda jamani.

Barabara yetu ilikuwa ya vumbi, malori ya mchanga yanapita kutwa nzima. Basi lile boksi nikalishonea kitambaa cha maua, kama kile cha kufunikia redio. Iwe imewashwa, iwe imezimwa, kitambaa kipo. Wataalamu mnaocheka, chekeni tu, mimi nilidhani ndiyo matunzo.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Bi Mwanaidi, mkunga wa Buguruni, mzaliwa wa hapohapo, mama wa maneno makali na kicheko kikubwa. Kila mtoto aliyempokea tangu ujana wake alimwandika kwenye daftari: jina, jina la mama, nyumba, na siku. Watu wazima walikuwa wanamfuata awe shahidi wa kuzaliwa kwao, maana wengi hawakuwa na cheti chochote.

Tatizo ni kwamba daftari zile ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tena bila nukta.

"Mtoto analia, mama anatoka damu, hizo nukta ntaweka saa ngapi?" alinijibu siku niliyomuuliza.

Wanaozijua herufi hizo wananielewa. Bila nukta, Tatu na Babu ni kitu kimoja. Maalimu wa msikiti wa kwao alijaribu ukurasa mmoja, akalirudisha daftari kwa adabu. Duniani aliyeweza kuzisoma ni yeye peke yake.

Na macho yake yalikuwa yanaenda. Mtoto wa jicho, kulia na kushoto.

"Watoto wote nimewatoa, huyu wa jicho ndo kanishinda," alikuwa anasema, halafu anacheka mwenyewe. Hospitali walitaka kumpasua, akakataa katakata. Hakutaka kisu karibu na jicho lake, na hapo hakuna aliyemuweza.

Ndipo akaja kwangu. Kwa miezi kadhaa alikuwa anakaa mlangoni penye mwanga, daftari limegusa pua, anasoma, mimi nachapa. Tunamaliza daftari la mwisho, tayari ananitambua kwa sauti tu. Majina mia sita na ushee yakawa ndani ya kompyuta.

Sikuwa nimeprint hata ukurasa mmoja. Ribbon ilikuwa imechakaa, maandishi yanatoka kijivu, na mimi nilitaka kazi yake itoke nyeusi, yenye heshima. Nikamwahidi nitampelekea kitabu chake nyumbani na nitamsomea chote.

Wiki hiyohiyo kompyuta ikagoma.

Nikiwasha, kioo cheusi, mstari mmoja wa Kiingereza, halafu ndani ya boksi inalia kha, kha, kha. Nikatoa kitambaa. Nikarudisha kitambaa. Nikazima, nikasubiri, nikawasha tena. Kha, kha, kha.

Nikamwita fundi Beda kutoka Sinza. Huyu alikuwa kijana mpole wa kutoka Songea, msomi wa mambo hayo, maneno yake machache kama anayalipia. Alifungua boksi, akategesha sikio, akaangalia kile kitambaa changu cha maua, akakikunja vizuri na kukiweka pembeni.

"Dada, hii mlikuwa mnaivalisha nguo inapata joto. Hard disk imekufa."

Wakuu, nilipumua. Mimi hard disk niliyokuwa naijua ni zile floppy ndogo ngumu za kuhifadhia kazi, kwa sababu zile kubwa laini zinapinda. Nikamwambia, "Kama ni hiyo tu, mie ninazo kumi kwenye droo."

Beda akaweka bisibisi chini. Kisha akaanza kunielekeza: hard disk iko ndani, haibuti, head inagonga, sijui sector. Nikasikia buti, nikaangalia miguu yake. Nilikuwa naitikia tu, ndiyo kaka, ndiyo kaka. Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo, na naamini wengi humu mmeshaitikia hivyo mbele ya fundi wa gari.

Nilichokielewa ni kimoja: kilichokufa ndicho kilichobeba majina ya Bi Mwanaidi. Nikalia palepale.

Beda akasema nisilie, imekufa ila inaweza kusoma kidogo. Sasa kitu kilichokufa kinasomaje? Sikuuliza. Aliilaza ile hard disk kwa ubavu, akaigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi, akaingiza floppy yake ya kuwashia, na kweli ikaamka kwa dakika chache. Akanakili kazi ya Bi Mwanaidi kwenye floppy mbili nilizompa, ileile kwenye zote, moja ya kazi na moja ya akiba.

"Zitunze hizi, dada."

Nikaziweka kwenye droo, nikafunga kwa ufunguo. Lebo sikubandika, kwa kuwa nilikuwa nazijua.

Siku ya tatu Beda akarudi na hard disk nyingine, mtumba wa Kariakoo. Akaifunga kwa skrubu nne. Kumbe ikiwa mpya kwako inakuwa haina kitu chochote, unaianza kama unahamia nyumba isiyo na hata msumari ukutani. Anaweka DOS, halafu Windows, floppy moja baada ya nyingine. Unaingiza, unasubiri, inakoroma, unatoa, unaingiza inayofuata.

Floppy ya nne ya Windows ikakataa kusomeka. Akairudia mara tano. Akaniambia ana rafiki yake jirani hapo Tabata mwenye seti nzima, atakwenda kunakili ya nne, na ya tano pia kwa sababu nayo anaitilia shaka. Akahitaji floppy mbili za kunakilia, ila hilo nilikuja kulijua baadaye.

Mimi, kwa kiherehere changu cha kutaka kazi irudi haraka, nilikuwa nimeshazitoa zile mbili kwenye droo na kuziweka mezani, tayari tayari.

Nilikuwa mlangoni na mteja wa kadi za harusi. Lori la mchanga lilikuwa limetoka kupita. Nikasikia Beda ndani anaita:

"Dada, hizi mbili hapa mezani nizifute?"

Nikageuka. Vumbi limezikalia kiasi kwamba unaweza kuandika jina lako juu yake. Niliona aibu, fundi wa watu kaja kazini kwangu ananiuliza kama anisaidie usafi.

Nikamjibu kwa sauti ya ukarimu kabisa:

"Futa, kaka! Futa vizuri, pande zote!"

Wakuu, pande zote. Naisikia sauti yangu mpaka leo.

Alitoka, akakaa kama saa moja, akarudi. Kazi ikaendelea. Saa kumi jioni Windows ikafunguka, rangi zake zote, na mimi nikapiga kigelegele hadi dada akatoka jikoni. Nikasema haya kaka, sasa turudishie kazi ya Bi Mwanaidi.

"Iko wapi?"

"Si kwenye zile floppy mbili."

Beda akaangalia meza. Akaangalia mkono wake. Alikuwa ameshika floppy ya nne na ya tano.

"Dada, si umesema nizifute?"

"Nilisema ufute vumbi!"

"Vumbi?"

"Si wewe mwenyewe uliyenipa ukasema nizitunze?"

"Ndo maana niliuliza, dada."

Hapo ndipo nimekwama, wakuu. Aliuliza. Mimi nilijibu. Wote wawili tulisema Kiswahili fasaha, hakuna aliyedanganya, hakuna aliyepiga kelele. Alifuta kweli, na mimi kweli nilisema futa. Siku nyingine nasema angekumbuka, ni yeye aliyezinakili. Siku nyingine nasema fundi anazunguka nyumba ngapi kwa wiki, floppy hazina lebo, akaamua kumuuliza mwenye mali. Naanza upya.

Najua mtasema kuna program za kurudisha. Alikuwa ameshaandika Windows juu yake, zote mbili. Tukairudia ile hard disk ya zamani, tukailaza, tukaigonga, Beda jasho linamtoka. Haikuamka tena.

Kompyuta ikawa nzima kuliko ilivyowahi kuwa. Na tupu.

Baada ya siku nne nikaenda Buguruni. Sikuwa na ujasiri wa kusema, basi nikafanya kitu cha kijinga: nikabeba bahasha ya rasimu za kadi za harusi, nene nene, nikasema nitaona hukohuko.

"Shikamoo Bi Mwanaidi."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea? Hebu nisomee."

Nikafungua zile kadi. Nikaanza kusoma majina niliyokuwa nayakumbuka kichwani. Mwajuma wa kwa binti Salum. Mapacha wa nyumba ya kisimani. Akawa anacheka, anaongeza mwenyewe habari za kila mmoja, nani alitanguliza miguu, baba wa nani alizimia mlangoni. Mimi naandika pembeni kwa peni, haraka haraka, namuuliza, halafu anayefuata alikuwa nani vile?

Akaacha kucheka.

"Mwanangu, mtu anayesoma haulizi anayefuata."

Nikamwambia yote. Hard disk, floppy, lori, futa. Nikaongea kama mtu anayejitetea polisi. Alinisikiliza, uso umeelekea upande ambao sikuwepo. Nilitegemea anitukane, ulimi wake nilikuwa naujua. Aliuliza jambo moja tu, tumepata wangapi. Nikahesabu. Thelathini na wanane.

"Haya. Mtaa wa chini ya kisima, nyumba ya kwanza..."

Tukaanza upya kwa kumbukumbu, mtaa kwa mtaa, kila nilipopata nafasi. Lakini alikuwa amechoka, alikuwa anampokea mtoto mmoja mara mbili, na mwingine anamhamishia kwa mama mwingine, na mimi sikuwa na njia ya kujua. Tulifika mia na tisini hivi. Alifariki kabla ya mwezi wa Ramadhani. Ndugu zake wakanipa daftari zote, maana wao zingewafaa nini.

Sasa hiki ndicho kilichonifanya niandike leo.

Mwaka mmoja baada ya msiba alikuja ofisini kijana mmoja, shati jeupe, mwembamba, mstaarabu. Alipata kazi mahali, wanataka kiapo cha kuzaliwa, na mama yake alikuwa ameshafariki. Aliniambia mama alikuwa akimwambia siku zote kwamba alizaliwa mikononi mwa Bi Mwanaidi, na amesikia majina ninayo mimi.

Nikatoa orodha yangu. Nikapitisha kidole mwanzo hadi mwisho. Nikarudia.

"Jina lako halimo," nikamwambia.

Akasema, "Basi labda mama alikosea. Wakunga walikuwa wengi."

Na mimi, mbele yake, nikasema, "Labda."

Alinishukuru akaondoka. Jina lake sikuandika popote.

Nimejifunza nini? Kwanza, lebo. Pili, ukichapa kitu cha mtu, print hata kama ni kijivu. Tatu, fundi wa kompyuta akikuuliza kuhusu kufuta, acha unachofanya, ingia ndani, muulize kufuta nini. Mimi siku hizi vumbi napangusa, neno lile kwenye ofisi yangu halitumiki.

Nataka mniambie kweli, bila kunionea huruma: pale mezani aliyekosea ni Beda au ni mimi? Na kama kuna aliyewahi kuona mtu anayesoma herufi zisizo na nukta, aniambie, maana daftari ninazo kabatini, kumi na moja.

Na kaka wa shati jeupe, kama upo humu, mama yako hakukosea. Umo kwenye hizi daftari. Siwezi kukuonyesha ni mstari gani, ila umo.