Mguu wa Mama na Hesabu Zangu za Kusitasita

Daktari alikuwa kijana kuliko mimi, na kabla ya kutueleza chochote alimwamkia mama shikamoo. Kisha akavuta kiti, akasema na sote watatu: kaka yangu aliyetoka kwenye mashamba ya miwa, mdogo wangu wa kike aliyekuwa akiishi na mama kule Idete, na mimi niliyefika kwa basi kutoka Morogoro, ninakofundisha hisabati chuoni.

Mama alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Alijikwaa kwenye kisiki akipalilia mpunga, kidonda kidogo kikatokea kwenye vidole vya mguu wa kushoto, naye akaendelea kukanyaga tope hadi mdogo wangu alipoona soksi imeloa usaha. Ndipo akaletwa hospitalini Ifakara.

"Tukikata vidole viwili sasa, huenda tukaishia hapo," daktari alisema. "Ila damu haifiki vizuri kule chini, kwa hiyo huenda penyewe tulipokata pakakataa kupona. Tukisubiri, dawa zinaweza kusaidia. Zinaweza pia zisisaidie. Zungumzeni, mnijibu kesho asubuhi."

Tukatoka kukaa kwenye benchi nje ya wodi. Mvua ilikuwa imekatika na watu walikuwa wanaanika nguo za wagonjwa juu ya majani. Mimi nikafungua kompyuta yangu.

Naona nieleze kwa nini. Shahada yangu niliipata kwa kuandika kuhusu seti zisizo na mipaka mikali. Katika hisabati ya kawaida kitu kimo ndani ya kundi au hakimo. Lakini ukisimama kwenye jaruba na kuuliza kama mpunga umeiva, kuna mashuke ya dhahabu, kuna ya kijani, na mengi yako katikati. Nadharia hii hukuruhusu kusema umeiva kwa kiasi gani. Kisha kuna nadharia iliyopanuliwa, ambayo ndiyo niliyoipenda mimi. Hiyo humwuliza kila mtu maswali mawili: unakubali kwa kiasi gani, na unakataa kwa kiasi gani? Kinachobaki ni kusitasita kwake, nako huingizwa kwenye hesabu kama kitu halali. Niliwahi kuitumia kuwasaidia wakulima kuchagua mbegu. Sikuwa na kitu kingine mkononi siku ile.

"Kaka," nikasema, "kati ya kumi, unakubali akatwe kwa kiasi gani?"

"Tunapiga kura?"

"Hapana. Nijibu tu."

Akafikiri. "Sita."

"Na unakataa kwa kiasi gani?"

"Tano."

"Jumla isizidi kumi, kaka."

"Basi mimi nimezidi," alisema, akageuza uso.

Liko tawi la nadharia linalomruhusu mtu kuzidi namna hiyo. Nakumbuka nilivyofarijika kulikumbuka. Nikabadilisha kanuni, nikashughulika na mabano na vipeo, na kwa muda fulani sikusikia harufu ya dawa wala mama aliyekuwa akikohoa upande wa pili wa dirisha.

Mdogo wangu alikataa kutaja namba. "Naogopa, dada. Andika hivyo."

Hapakuwa na pa kuandika hivyo. Nikamwekea sifuri kwenye kukubali na sifuri kwenye kukataa, maana yake yeye mzima ni kusitasita, na aliponiona nikiandika sifuri alianza kulia.

Nikaingia kwa mama. Alikuwa ameketi, mguu umewekwa juu ya mto, bandeji mpya imeshaanza kupata rangi.

"Mama, wewe unaonaje? Wakate au tusubiri?"

"Mnaniuliza mimi? Si nyinyi ndio mmesoma?"

"Mguu ni wako, mama."

Akautazama kama mtu anayetazama mzigo alioachiwa na jirani. "Hauumi," akasema. "Ungekuwa unauma ningejua la kukwambia. Mimi sijui, mwanangu. Kweli sijui." Halafu akauliza kama ndege wanafukuzwa shambani, kwa sababu mpunga ulikuwa umeanza kushika punje.

Nilirudi kwenye benchi, nikamwekea mama naye sifuri mbili, nikabahatisha namba zangu mwenyewe, zikaegemea kidogo kusubiri, nikamaliza hesabu. Kusubiri kulitangulia kwa tofauti ndogo sana. Nikayapa maneno ya daktari uzito zaidi, kukata kukatangulia. Nikampa mama uzito zaidi, mambo yote mawili yakawa sawa. Nikagundua kuwa kila nilipogusa kitu, jibu lilinifuata mimi nilikotaka kwenda, na mimi sikuwa najua nataka kwenda wapi.

"Inasemaje?" kaka akauliza.

"Inasema tusubiri."

"Kwa uhakika?"

"Hapana."

Aliitazama ile kompyuta, akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. "Sasa ulikuwa unafanya nini muda wote huo?"

Niliifunga kompyuta. Kesho yake asubuhi tulimwambia daktari tusubiri kidogo, naye akaitikia kwa kichwa, akaongeza dawa. Nilimtazama usoni nione kama tumekosea.

Jumapili mchana, watu wakiwa wanatoka kanisani na wengine wakija na vyakula vya wagonjwa, mama alianza kutetemeka. Homa ilipanda hadi akawa anamwita marehemu dada yake. Daktari alikuja akiwa bado na nguo za nyumbani, akafungua bandeji, akaifunga tena haraka.

"Sasa si vidole," alisema. "Ni chini ya goti, tena leo hii. Tusipokata tutampoteza."

Safari hii hakuna aliyeulizwa kiasi gani. Kaka alimshika mama mkono akamwekea dole gumba lake kwenye karatasi ya kukubali upasuaji, wakamsukuma kwenda chumba cha upasuaji. Mdogo wangu alibaki amekumbatia kanga ya mama. Mimi nilisimama kwenye ujia wa wodi na mikono yangu, nisijue niiweke wapi.

Alipona. Lazima niliseme hilo pia. Siku ya kuruhusiwa nilimfuata daktari nje nikamwuliza kama tungekubali mapema mguu ungebaki.

"Pengine," alisema. "Pengine na vidole vingekataa kupona, tukafika hapa hapa. Sijui, mwalimu. Sipendi kukudanganya."

Nilichukua likizo nikakaa nao Idete wakati wa mavuno. Mdogo wangu na vibarua waliingia jarubani. Mama alibaki kwenye mkeka barazani, akisikia wenzake wakipiga mpunga, akiwapigia kelele kwamba wanaacha punje kwenye mabua. Nilimpikia, nilimwogesha, nilimkinga na jua. Hayo niliyaweza.

Alasiri moja aliniita. "Njoo unikune."

"Wapi, mama?"

"Unyayo. Huu wa kushoto. Unawasha tangu asubuhi."

Nilidhani anatania, lakini alikuwa amekunja uso kwa mateso. Nikapiga magoti, nikakuna goti lake, nikakuna lile kovu taratibu.

"Siyo hapo," alisema. "Chini zaidi."

Nikaushusha mkono nikaanza kuukuna mkeka.

"Chini zaidi, mwanangu. Mbona hufiki?"