Mboga Yenye Manundu

Mpishi wa karakana ya useremala hakuwapa mafundi chakula ambacho yeye hajakila. Kila siku alikula kijiko kimoja, akakaa kigodani akisubiri, akaosha vyombo vyote, ndipo akagonga sufuria kuwaita. Walimbandika jina la Bi Mwonjaji, wakasema huyo hupika ili apate kuonja. Alicheka nao. Hakuwaambia kwamba utotoni mdogo wake alikula mumunye chungu, akatapika kutwa, na magharibi wakamfunika shuka hadi usoni.

Siku moja muuza mboga aliumwa mgongo, akamtuma mkwewe. Mkwe akatua gunia mlangoni, akaenda zake kabla halijafunguliwa. Ndani hamkuwa na kabichi za kila siku. Mlikuwa na vitu vya kijani, virefu kama matango, ngozi imejaa manundu kama mgongo wa mamba.

Mpishi alikata kimoja, akagusisha ncha ya ulimi. Kichungu kama shubiri. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alitema, akasukutua mara tatu. Kisha akakaanga vipande vichache, aone kama moto utaondoa ule uchungu, akatoka kuchota maji.

Aliporudi alimkuta Babu Randa, fundi mkongwe kuliko wote, ameinamia kikaango akitafuna.

"Tema, babu."

"Nimeshameza, mwanangu. Vitatu."

Ndoo ilimponyoka. Alimkalisha babu kwenye kigoda, akamkataza kurudi kwenye msumeno. Babu akikohoa, moyo wa mpishi uliruka. Babu akifuta jasho, yeye naye alilowa. Babu akamtania kwamba akiendelea kumkodolea macho hivyo, bibi nyumbani atadai maelezo. Mpishi hakucheka.

"Mdogo wangu alianza hivyohivyo," akasema. "Alikuwa anacheka."

Babu akaweka mkono tumboni.

Mafundi walikuwa wameanza kuchungulia kwa njaa pale mkwe wa muuza mboga aliporudi kuchukua gunia lake. Mpishi alimdaka mkono kabla ya salamu, akamwonyesha mboga.

"Hiyo, uchungu ndio asili yake, dada," mkwe akasema. "Mumunye likiwa chungu, tupa. Hii isipokuwa chungu ndiyo ushangae. Toa mbegu, paka chumvi, iache itoe maji, kamua, kaanga na vitunguu vingi."

"Kula wewe kwanza."

Akala, mbichi, uso umekunjamana kama kitambaa cha deki.

Mpishi akapaka chumvi, akakamua mpaka vidole vikauma, akakaanga. Akala kijiko kimoja, akakaa sakafuni, maana kigoda kilikuwa na babu. Aliosha vyombo vyote. Akaviosha tena. Babu akaomba kipande cha nne, akanyimwa.

Mwishowe aligonga sufuria, polepole, kana kwamba hataki isikike. Mafundi wakala, wakalalamikia uchungu, wakaongeza. Yeye alisimama mlangoni akitazama makoo yao, moja baada ya jingine, na hakuketi hadi misumeno ilipoanza tena kulia na akaihesabu yote.