Betri Iliyoanikwa na Karafuu

Ndugu yangu Himid ana mkono mwepesi, na sitamsitiri kwa kuwa tumenyonya ziwa moja. Mwaka wa kwanza wa ndoa alimng'oa mkewe jino la mbele, kisha akatwambia Ruweida kateleza kisimani. Mama akamtetea. Miye nilimwita mwongo mbele ya watu, na tangu hapo hanisemeshi ila kwa matusi.

Wifi yangu Ruweida si mtu wa maneno. Alikuwa na laptopu kuukuu aliyopewa na mjomba wake wa Vitongoji, na kwayo akitengeneza kadi za harusi za kijiji chetu kizima cha Shumba. Kazi hiyo ndiyo iliyompa ubavu wa kusema ipo siku ataondoka akajitegemee. Himid alilijua hilo. Mvua za vuli zilipoanza, alimkanyaga mbavu mpaka akatema damu, kisha akaitupa laptopu uani ikalala na maji.

Haikuwaka tena. Mama, kwa huruma yake, aliianika jamvini pamoja na karafuu. Kila jua lilipotoka aliitandaza, akaigeuza kwa zamu yake kama anavyogeuza karafuu, akawa anasifu jinsi inavyokauka. Kumbe jua lile liliivimbisha betri mpaka kifuniko kikabenuka.

Ruweida alikuja kuifungulia kwangu, mlango wa pili, Himid akiwa kazini. Fundi mmoja wa mjini Chake Chake alimwelekeza kwa simu: atoe betri, asiitoboe, abonyeze kitufe cha kuwashia kwa muda, kisha achomeke chaja peke yake. Aliitoa betri taratibu, imefura kama andazi, akaiweka sakafuni. Akachomeka chaja. Kioo kikawaka. Nilimkumbatia nikasahau mbavu zake, akaguna kwa maumivu huku anacheka.

Kumbe Himid karudi mapema na kasikia vicheko vyetu; aliingia na shoka mkononi. Ndugu yangu ni dereva wa bodaboda, na elimu yake yote ya mashine ni kwamba bila betri haziendi. Alinisukuma nikaangukia kabati, akamzaba Ruweida kofi la sikio, akaiona ile betri.

"Ndiyo roho yake hino," akasema. "Leo naiua, tuone utakwenda wapi."

"Usiipige, Himid," Ruweida alimwambia. "Italipuka."

Akaipiga. Moto ulimrukia mkononi na kidevuni, shati likashika, chumba kikajaa moshi wa kukaba koo. Alilia akimwita Mama, akamwita Ruweida. Mama alikuja mbio na blanketi akamzimisha, analia. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Ruweida alichomoa chaja kwanza. Aliibeba laptopu mpaka barazani, akaiweka pasipo moshi, ndipo akarudi na ndoo ya maji. Hakukimbia. Alimmwagia mumewe mkono ulioungua, polepole, maji yote, kama mtu anayemnawisha mgeni.

"Weye ushaniua mara nyingi, na miye bado nipo," akamwambia. "Nitamkie talaka yangu kabla hujapelekwa hospitali."

Himid alimtazama Mama. Mama, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakumtetea.

Aliitamka huku meno yanagongana. Miye nilikuwa nishaanza kukunja nguo za wifi yangu.