Maneno ya Siri ya Watu wa Milimani

Beatha hakuwahi kujiita mtaalamu wa kompyuta. Yeye alikuwa mchapaji. Ujana wake wote aligonga taipureta kwa wakili mmoja pale Same, na wakili alipofariki, Beatha alitoka na meza, kiti kilicholegea mguu na tabia ya kumwuliza kila mtu jina lake herufi kwa herufi. Baadaye akafungua steshenari yake karibu na stendi. Kilikuwa chumba kimoja chenye mashine ya kutoa kopi, kompyuta moja, na feni iliyokuwa ikihamisha joto kutoka kona hii kwenda kona ile.

Watu wa milimani wakishuka Same hawapendi kuzunguka na mizigo. Mtu anaingia kwenye duka la mtu wake, anaweka kapu chini, anasema, "Nitunzie," anaondoka. Haandikishi kitu wala hapewi risiti. Beatha ametunza mbegu za maharage, viatu vya bibi harusi, funguo za nyumba, na siku moja jogoo wawili waliopigana chini ya meza mpaka mashine ya kopi ikazimika. Kwa hiyo watu walipoanza kuja kufungua barua pepe za kuombea vyuo na ajira, hakuna aliyeona ajabu kwamba maneno ya siri nayo yaliachwa pale pale. Mteja alipanda gari la Mbaga au la Gonja akarudi kwao, na neno lake la siri likabaki kwa Beatha.

Kubaki kwa Beatha maana yake lilibaki ndani ya brauza. Alikuwa na brauza moja ya zamani aliyoizoea kama mtu anavyozoea sufuria yake. Juu kabisa alipanga vijisanduku kwa majina ya vijiji: Gonja, Mbaga, Chome, Vudee. Ukibofya kijiji, wanafunguka watu wake. Ukibofya mtu, brauza inajaza neno la siri yenyewe na mlango unafunguka. Vijana walimcheka kwamba anatumia kitu cha enzi za mawe. Aliwajibu kwamba hao watu wa enzi za mawe angalau walijua vitu vyao viko wapi.

Kisha likatokea la Ruthi. Ruthi alikuwa mwalimu wa chekechea, mke wa mtu, na alikuwa ameandika barua pepe ya kuomba kazi Mwanza bila kumwambia mumewe. Siku moja Beatha alitoka mara moja kwenda kununua karatasi, akamwacha mteja amekaa kwenye kompyuta. Mteja huyo alikuwa shemeji yake Ruthi. Alibofya kijiji, akabofya jina, akasoma mpaka akashiba. Jua lilipozama, stendi nzima ilijua kwamba Ruthi anataka kuikimbia ndoa yake.

Kesho yake Ruthi alikuja, akasimama mbele ya meza. Hakufoka. "Dada Beatha," alisema, "mimi nilikuachia wewe. Sikuwaachia watu."

Bora angefoka. Beatha alikosa pa kuficha uso, na kwa siku kadhaa chakula hakikupanda. Alimwita mwalimu Wilbard, anayefundisha kompyuta kwenye sekondari moja ya pale mjini, aje amtafutie brauza ya maana. Mwalimu akaja na mbili. Ya kwanza ndiyo aliyoipenda yeye: unaibadili rangi utakavyo, unapanga kurasa mbilimbili, hata picha ya mlima Shengena unaweza kuiweka nyuma. Beatha aliichezea siku nzima akaona ni kama kupamba nyumba isiyo na kitasa. Ya pili haikuwa na urembo wowote. Ilikuwa haikumbuki kitu. Ukiifunga, inasahau ulikokwenda, ulichoandika, hata kwamba ulikuwepo.

"Hiyo ndiyo naitaka," Beatha alisema.

"Na ile ya zamani?"

"Ifute. Ifute na vyote vilivyomo."

Mwalimu akashika kipanya, halafu akasita. "Dada, humo ndani kuna paswedi za watu. Umeshazinakili?"

Hapo ndipo mahali ambapo Beatha angetoa chochote apate kurudi. Alijua vizuri kwamba hakuna aliyenakili. Alijua kwamba watu wa milimani hawakuwa na maneno hayo kichwani wala kwenye karatasi, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia wasihangaike. Lakini uso wa Ruthi ulikuwa bado mbele yake, na aibu ilimtia hasira. "Kila mtu analijua lake," akasema. "Futa." Mwalimu akafuta.

Wiki tatu zikapita salama. Waliokuja walitumiwa tarakimu sita za uthibitisho kwenye namba za simu walizojiandikisha nazo, wakatengeneza maneno mapya, na safari hii Beatha aliwaandikia kwenye karatasi waondoke nazo. Akaanza kupumua. Akajiambia kwamba mambo yamekwisha.

Siku ya Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, aliingia Eliakunda wa Gonja, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Gari lao lilikuwa limekufa njiani, kijiji cha Kisiwani, tangu asubuhi. Alikuwa mjane, mumewe, Simeoni, alifariki mwaka jana. Aliweka kapu juu ya meza akakaa bila kukaribishwa.

"Mama Asteria, pole na safari. Habari za Gonja?"

"Za Gonja njema. Asteria amechaguliwa chuo cha uuguzi. Wametangaza jana. Wanasema wametuma namba kwenye barua pepe yake, tuthibitishe nayo leo, mwisho saa kumi na mbili. Usipothibitisha, nafasi anapewa mwingine. Yeye amebaki na bibi yake mgonjwa, ndiyo nikaja mimi. Nifungulie."

Beatha aliondoa mkono kwenye kipanya. Alimkumbuka Simeoni vizuri mno. Mwaka juzi alishuka mwenyewe kumfungulia binti yake hiyo barua pepe, na brauza ya zamani ikapendekeza neno la siri refu, mchanganyiko wa herufi na tarakimu usiotamkika. Simeoni alicheka. "Weka hilo hilo," alisema. "Mwizi atazeeka." Namba ya simu iliyowekwa ilikuwa yake yeye Simeoni.

"Ile laini ya marehemu ipo?" Beatha aliuliza.

"Simu tulimpa mdogo wake. Laini ilikaa tu, ikafungwa. Kwani ya nini? Neno la siri si liko hapa?"

"Haliko, mama Asteria. Nimelifuta."

Eliakunda alimtazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize utani. "Si ulimwambia linabaki hapa?"

"Nilimwambia."

Beatha alijaribu kila mlango. Alijaribu jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, jina la Simeoni, akijua kwamba anapoteza muda, maana neno lile halikutoka kichwani mwa mtu. Alimpigia mwalimu Wilbard, akaambiwa kilichofutwa namna ile hakirudi. Akapiga chuoni. Mtu wa huko alimsikiliza kwa upole akasema mfumo unajifunga wenyewe, naye hana namba za wanafunzi. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro.

Ilibaki njia moja, maana namba iliyofungwa kampuni humuuzia mtu mwingine. Aliagiza tarakimu zitumwe kwenye namba ya marehemu, kisha akaipiga namba hiyo. Ikaita.

"Halo," ilisema sauti ya mwanamume, nyuma yake mbuzi wakilia.

"Kaka, samahani. Naitwa Beatha, nipo Same. Hiyo namba yako zamani ilikuwa ya marehemu mmoja wa huku. Kuna ujumbe umekuingia sasa hivi, una tarakimu sita. Naomba unisomee."

Mbuzi walilia kidogo. "Dada, mnabadilisha maneno kila siku," alisema yule mtu. "Juzi nimeshinda zawadi. Leo ni marehemu."

Eliakunda aliichukua simu. "Mwanangu, mimi ndiye mjane wake. Ni mtoto wangu anataka kwenda chuo. Nakuomba kwa jina la Mungu."

"Pole, mama, kama ni kweli. Lakini jirani yangu aliwasomea watu tarakimu hizo hizo, wakamkomba kila kitu. Niliapa sitamsomea mtu, hata awe nani." Akakata. Walipopiga tena, haikuita kabisa.

Ukutani, juu ya mashine ya kopi, kulikuwa na karatasi ambayo Beatha aliichapa mwenyewe baada ya lile la Ruthi, kwa herufi kubwa: USIMSOMEE MTU YEYOTE NAMBA ZA SIRI ZINAZOINGIA KWENYE SIMU YAKO. Nakala zake alizigawa stendi nzima. Hakuwa na neno baya la kumwambia mtu yule. Angetamani awe nalo.

Walikaa mbele ya kompyuta, kwa sababu hawakujua mahali pengine pa kukaa. Saa kumi na mbili kamili, ukurasa wa chuo ulijibadilisha wenyewe ukaandika kwamba dirisha limefungwa. Brauza mpya ilikuwa safi, nyeupe, haina kumbukumbu ya lolote lililotokea. Beatha alijizuia kulia, kwa sababu aliona hana haki ya kulia kabla ya mwenye mtoto.

Simu ya Eliakunda ikaita. Sauti ya Asteria ilisikika mpaka upande wa pili wa meza. "Mama, tayari?"

"Nakuja," Eliakunda alisema. "Bibi amekula? Mpe uji. Nakuja." Akakata simu, akaiweka mapajani.

Beatha alianza kusema. Alitaka kusema nisamehe, na kwamba ni aibu iliyomfanya, na kwamba yeye si mtu wa namna hiyo. Eliakunda hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama nje, stendi, ambako magari ya jioni yalikuwa yanapungua. Akainuka, akajipangusa vumbi kwenye kanga, na kwa mkono uliokwisha kuzoea akalisukuma kapu lake kuelekea kwa Beatha.

"Nitunzie hili," alisema. "Nikaangalie kama kuna lori la Gonja."

Akatoka. Beatha alilichukua kapu akaliweka miguuni pake. Hakujibu simu wala hakuhudumia mtu, na mteja aliyeingia kutoa kopi alimkuta ameinama, amekishika kishikio cha lile kapu kwa mikono miwili.