Datsun Inayozira Kwenye Feri

Gari likikwama Likoni, kila apitaye hutaka boneti ifunguliwe. Dereva hufungua, fundi hufungua, hata muuza miwa atakuja kufungua. Fundi Tinga Kaviha yeye ametandika gunia juu ya boneti iliyofungwa, amelikalia, na anakula karanga.

Chini yake ni Datsun 1200 ya mwaka 1974, rangi ya maziwa, iliyotoka kuzungushwa barabarani mpaka injini ikapata joto hasa. Mwenyewe, Mzee Dishon Mweri, amesimama kando akifuta jasho.

"Fundi, nimekuletea gari au nimekuletea kiti?"

"Tulia, mzee wangu. Ugonjwa uko ndani, unapika. Nikifungua tu, unakimbia."

Mzee Dishon aliendesha kreni bandarini hadi alipostaafu. Anaishi Likoni, lakini kanisa lake liko Mikindani, alikokaa miaka yote ya kazi, kwa hiyo kila Jumapili huvuka na feri. Ukipanda feri unazima injini. Datsun hii ikizimwa ikiwa na moto, inazira.

Feri inafika ng'ambo, magari ya mbele yanatoka, yeye anageuza ufunguo. Starta inalia weee, injini kimya. Nyuma honi zinaanza.

"Nimesukumwa na watu nisiowajua, nimevaa tai, Biblia mapajani," anasema. "Kuna mama alinisukuma na mtoto mgongoni. Nilitamani ardhi inimeze, na ardhi yenyewe hapo haipo, ni maji tu."

Wapo wanaomshauri azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, isiyo na feri. Hao huwauliza kama watamnunulia mafuta ya kuzunguka.

Mafundi waliotangulia walisafisha kabureta, chombo cha kuchanganya petroli na hewa, wakabadilisha plagi, wakapiga starta, na gari likawaka palepale. Mmoja alifunga kitambaa chenye maji kwenye pampu ya mafuta, dawa ya madereva wa zamani.

"Kitambaa! Kwani gari lina homa?" Tinga anauliza kwa dharau. Fundi huyu wa miaka sitini na mitatu hana haya ya kujisifu. Atakwambia hakuna kabureta kutoka hapa hadi Bamburi ambayo haijapita mikononi mwake.

Safari hii, hata hivyo, majivuno yamemfikisha pabaya. Wiki iliyopita, mezani nyumbani kwake, alisema hivi mbele ya mkewe na binti yao Linda: "Datsun ya Mzee Dishon ikinishinda, nafunga gereji." Mkewe, Josephine, alimnyooshea mkono hapohapo wakapeana.

Josephine ana sababu. Tinga hupima petroli kwa kuivuta kwa mpira mdomoni, aionje kama imechanganywa na maji au mafuta ya taa. Amefanya hivyo tangu alipokuwa kijana akijifunza kazi Changamwe. Sasa anakohoa, na daktari wa zahanati amemwambia waziwazi aachane na petroli.

"Nikifua shati lake, maji yote yananuka petroli," anasema Josephine. "Tuna shamba Kaloleni. Twende tukapande mihogo, apumue hewa ya Mungu. Lakini mwanamume huyu, loo, shingo ngumu!"

Kazi yenyewe imepungua. Magari ya siku hizi hayana kabureta, na wiki njema humletea Tinga kama shilingi elfu nne. Hilo halimsumbui sana. Kinachomsumbua ni namna ya kuondoka.

"Kaloleni nitakwenda. Ila siendi nimefukuzwa na Datsun."

Karanga zimekwisha. Anashuka, anafungua boneti kwa pupa na kuinamisha kichwa. Ndani ya kabureta inasikika sauti ndogo, ble-ble-ble, kama uji unaoanza kutokota. Injini imezimwa kitambo, na hapo hapatakiwi kuchemka kitu.

"Njoo usikie, mzee! Njoo!"

Anaeleza huku akitikisa spana. Gari likitembea, feni inapuliza na petroli mpya inapita, hakuna neno. Likizimwa, joto la ekzosi linapanda na kuipika petroli iliyobaki kwenye kabureta. Inafurika, inaingia kwenye injini, plagi zinalowa. Fundi akifungua boneti, joto linatoka, na punde gari linawaka kana kwamba halikuwa na kitu.

Anaifungua kabureta. Chini yake panatakiwa kipande kinene cha kuikinga na joto. Hakipo. Fundi fulani wa zamani alikitupa na badala yake akakata gasketi ya boksi la sabuni.

"Katoni! Haki ya Mungu, katoni!" anapiga kelele mpaka mafundi wa jirani wanachungulia.

Kutwa nzima anatengeneza kipande kipya. Anakikata kutoka kwenye bodi nyeusi ya zamani ya kufungia swichi za umeme, plastiki ngumu isiyoyeyuka kwa moto, aliyoipata kwa wauza vyuma chakavu. Anapiga msumeno, anapiga tupa, anatoboa, anapima, anaguna, anapiga tupa tena.

Siku ya pili, saa saba mchana, jua la utosi, Datsun inapanda feri. Mzee Dishon yuko kwenye usukani, Tinga kando yake, mwandishi wa simulizi hii nyuma. Injini inazimwa. Boneti haifunguliwi.

Tinga, ambaye hajanyamaza tangu asubuhi, sasa anautazama ufunguo tu. Anajifuta viganja kwenye suruali, tena na tena. Wanapofika ng'ambo na magari ya mbele yanaanza kuondoka, anasema kwa sauti ya chini, "Washa."

Starta inalia. Inalia tena. Honi ya kwanza inapigwa nyuma. Halafu injini inashika, inatetema, inatulia.

"Bwana asifiwe!" Mzee Dishon anapaza sauti, na gari linapanda kilima likiwa limejaa kelele. Tinga anacheka mpaka kicheko kinageuka kikohozi, na kikohozi hakikatiki hadi machozi yanamtoka. Mzee Dishon anapunguza mwendo na kumtazama kwa wasiwasi.

Jioni, nyumbani Mtongwe, Tinga anasimulia ushindi wake kwa mara ya tatu. Josephine anaendelea kupakua sima.

"Mama Linda, hata pongezi?"

"Nilipiga magoti hapa jikoni ile saa saba," anasema, macho kwenye mwiko. "Nikamwomba Mungu gari la watu lisiwake."

Tinga anabaki na tonge mkononi.

"Basi sikiliza," anasema hatimaye. "Nilikuwa siwezi kufunga nimeshindwa. Sasa sijashindwa. Masika yakianza, nakukabidhi ufunguo wa gereji mwenyewe, tunakwenda Kaloleni."

"Masika ya mwaka gani, Baba Linda?"

"Haya yajayo," anajibu, na safari hii hacheki.